Kozi ya ukocha wa mpira wa miguu kwa vijana, Temeke, Dar es Salaam: nimelipa 180,000, na hiki ndicho nilichopata

Tangu nimalize hii kozi, kila siku dukani kwangu Tandika nasimamishwa. Mtu kaja kununua misumari ya inchi tatu, akishalipa ananisogelea: "Kocha, vipi ile kozi, inafaa?" Nimeshajibu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya.

Inafaa. Ningelipa tena. Ila kuna jambo waandaaji hawakuliweka wazi wakati wa kuchukua pesa, na nalo nitalisema, kwa sababu kwenye kundi letu kulikuwa na kijana wa Kigamboni aliyeuza simu yake apate ada.

Kwanza mjue nani anawaambia. Nina miaka 37, nauza vifaa vya ujenzi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, nafunga hesabu nakwenda uwanja wa mchanga kule Mtoni kufundisha watoto 26 wenye umri chini ya miaka 13. Ni mwaka wa sita sasa. Sikuwahi kucheza ligi yoyote yenye jina. Nilikuwa winga wa mchangani, nikaumia goti nikiwa na miaka 19, ikaishia hapo. Ukocha nimeuokota kwa kuangalia wengine, na kwa kukumbuka nilivyofundishwa mimi.

Kozi inafanyika wikiendi tano mfululizo, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi Temeke na darasa lake moja. Tulikuwa 22, wanawake watatu. Ada ni shilingi 180,000, wanakubali ulipe kwa awamu mbili. Chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, vyote vimo ndani ya ada na chakula ni kizuri. Wakufunzi ni wawili. Mmoja ni kijana wa kompyuta na projekta. Mwingine ni mtu mzima wa makamo ambaye sote tulimwita Mwalimu, na kusema kweli 180,000 yangu nilimlipa yeye.

Jumamosi ya pili aliita watoto 16 wa shule ile, akanikabidhi. "Wafundishe kama unavyofundisha kwako. Dakika 12." Nikafanya ninachofanya siku zote: watoto mstari mmoja, mimi pembeni na mpira, nampa pasi wa mbele, anatuliza, anapiga golini, anaukimbilia mpira, anarudi nyuma ya foleni. Foleni imenyooka, watoto wametulia. Niliona nimefundisha vizuri.

Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa amemwita mwenzetu mmoja, akamjaza kokoto 40 kwenye mfuko wa kulia wa suruali, akamwonyesha mtoto mmoja mwenye fulana ya bluu. Kila mtoto yule akigusa mpira, kokoto moja inahama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Filimbi ilipolia, mwenzetu akatoa mkono mfuko wa kushoto, akafungua kiganja. Kokoto saba.

Saba, kwa dakika 12. Mwalimu hakunifokea. Aliziweka zile kokoto kwenye kiganja changu moja moja, akauliza, "Mama yake amemruhusu kutoka nyumbani aje asimame foleni?"

Halafu akagawa watoto wale wale kwenye viwanja viwili vidogo, wanne kwa wanne, magoli ya koni, bila kipa. Hakuna maelezo marefu. Dakika 12 zile zile, mtoto yule yule, kokoto zile zile. Hazikufika dakika 12: kokoto zote 40 zilikuwa zimeshahamia kushoto na mtoto bado anakimbia, jasho linamtoka, anaita mpira kwa sauti. Kwenye foleni yangu sikuwa nimeisikia sauti yake hata mara moja.

Nilikaa chini ya mwembe nikapiga hesabu ya miaka yangu sita. Watoto wangapi wamepita mikononi mwangu wakasimama foleni? Yupo mmoja, winga wa kushoto, aliacha kuja mwaka jana. Nilimwambia baba yake kuwa mtoto hana moyo wa mpira. Jumatatu iliyofuata nilipita kwao. Sikwenda kutoa hotuba, nilimwambia tu mama yake kwamba mazoezi yamebadilika na ningefurahi mtoto akirudi. Alirudi Ijumaa.

Hilo peke yake lilitosha ada. Kuna mengine madogo ya kiutendaji niliyoyachukua palepale. Mpira namba 5 ni wa kuanzia miaka 13, wa miaka 8 hadi 12 watumie namba 4, na wadogo zaidi namba 3. Mimi nilikuwa nawapa wote namba 5 kisha nashangaa pasi hazifiki. Nimeshapanda gari kwenda Kariakoo kununua namba 4 mbili, nyingine nitaongeza mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo tangazo lao lilituvuta nayo wengi: "Kutoka kocha wa watoto hadi kocha wa timu ya wakubwa." Jumapili ya nne yote ilikuwa ya hilo. Mwalimu alichora ngazi ubaoni, leseni za ukocha za CAF, Shirikisho la Mpira Afrika, kutoka chini kwenda juu: D, C, B, A, kisha Pro. Akatukumbusha yaliyowapata Simba mwaka 2021, kocha wao Mfaransa Didier Gomes alipoonekana leseni yake haikidhi matakwa ya CAF kukaa benchi kama kocha mkuu kwenye michuano ya Afrika, klabu ikabidi imlete Thierry Hitimana mwenye sifa hizo. Kocha wa Simba! Kwa hiyo sisi wa Mtoni tusidhani karatasi ni mapambo.

Baada ya hapo akafuta ngazi, akaanza kusimulia makocha walioanzia kwa vijana wakafika timu za wakubwa. Hapa ndipo darasa lilinyamaza.

Alianza na Julian Nagelsmann, Mjerumani. Beki wa kati, goti likamwangusha akiwa na miaka 20 akiwa Augsburg, kwenye kikosi cha pili kilichokuwa kinafundishwa na Thomas Tuchel. Tuchel akampa kazi ya kwenda kuwasoma wapinzani. Kutoka hapo akaenda kwa vijana, akafika Hoffenheim, mwaka 2014 akachukua ubingwa wa Ujerumani wa chini ya miaka 19. Februari 2016 Hoffenheim ya wakubwa iko nafasi ya 17 kati ya timu 18, wakampa timu. Alikuwa na miaka 28. Hawakushuka daraja, na msimu uliofuata walimaliza wa nne. Baadaye Leipzig, Bayern, na mwaka 2023 akapewa timu ya taifa ya Ujerumani.

Mtu huyu amezaliwa 1987, kanizidi mwaka mmoja tu. Februari ile ya 2016 mimi nilikuwa nashusha mifuko ya saruji kwenye lori. Silalamiki. Nasema niliposikia neno goti, na miaka 20, kifua kilinibana, nikaacha kuandika nikabaki nasikiliza tu.

Na Tuchel mwenyewe ni mtoto wa njia hiyo hiyo. Aliumia goti akiwa Ulm, kocha wake wa huko Ralf Rangnick akamwingiza kwenye vijana wa Stuttgart mwaka 2000, akapita Augsburg, akachukua ubingwa wa vijana akiwa Mainz mwaka 2009, na kabla msimu mpya haujakolea akapewa timu kubwa ya Mainz. Miaka 12 baadaye, Mei 2021, alikuwa Porto anabeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Chelsea.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Brendan Rodgers, kwa sababu njia yake haikunyooka. Naye magoti, aliacha kucheza akiwa na miaka 20. Akafundisha vijana wa Reading miaka mingi, Chelsea wakamchukua kwa vijana wao mwaka 2004, kisha akapewa Watford ya wakubwa. Mwaka 2009 Reading, klabu iliyomlea, wakamrudisha awe kocha mkuu. Hakumaliza hata mwaka, Desemba wakaachana naye. Fikiria unafukuzwa na watu waliokujua tangu unapanga koni za watoto. Mwaka 2010 akaenda Swansea. Mei 2011 Swansea wanacheza Wembley mechi ya mwisho ya kupanda Ligi Kuu ya Uingereza, na waliokuwa upande wa pili ni Reading. Swansea 4, Reading 2. Mwaka uliofuata akawa Liverpool.

Nilipenda pia kwamba Mwalimu hakuishia Ulaya. Alituuliza nani alikuwa Uwanja wa Taifa, sasa Benjamin Mkapa, Machi 2013 tulipoifunga Morocco 3-1. Mikono sita ikainuka, na wangu umo. Nakumbuka nimekaa mzunguko, jua la utosini, Ulimwengu moja, Samatta mbili, mzee wa jirani yangu ambaye hatukujuana akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kocha siku ile alikuwa Kim Poulsen. Mwalimu akasema: huyu aliletwa nchini kwanza kufundisha timu za taifa za vijana, na Mei 2012 ndipo alipopewa Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa, akimrithi Mdenmaki mwenzake Jan Poulsen. Desemba ile ile Stars wakaifunga Zambia, bingwa wa Afrika, 1-0. Februari wakaifunga Cameroon 1-0. Nilikuwa na miaka 24, nashangilia mabao. Haikunijia kabisa kwamba mtu aliyeko benchi alianzia kwa vijana wetu.

Na Bakari Shime. Aliipeleka Serengeti Boys, timu ya taifa ya wavulana chini ya miaka 17, fainali za Afrika Gabon mwaka 2017. Mwaka 2022 akaipeleka Serengeti Girls, timu ya wasichana, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, kwenye fainali za Afrika zilizochezwa Morocco Julai 2025. Dada mmoja wa kundi letu, anafundisha wasichana Mbagala, alisimama akaongeza Ester Chabruma, aliyechezea Twiga Stars na kuwa kocha wa JKT Queens walipokwenda Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2023. Mwalimu akamwambia, "Hilo liandike ubaoni mwenyewe." Akaliandika, kwa herufi kubwa.

Selemani Matola naye alitajwa, na jinsi alivyowalea kina Jonas Mkude kwenye kikosi cha vijana cha Simba, akatoka kwenda kujitegemea, akaipeleka Lipuli ya Iringa fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania mwaka 2019, akarudi Simba benchi la wakubwa.

Hapa nina ugomvi na mkufunzi kijana. Yeye kwenye somo lake alikuwa anasema timu ya watoto ni "daraja", vuka haraka, usizeeke nayo. Nilinyoosha mkono nikamwambia sikubaliani, na bado sikubaliani. Hao wote tuliosimuliwa, hakuna aliyepewa timu kubwa kwa sababu alikuwa na haraka. Walipewa kwa sababu kazi yao kwa vijana ilionekana: ubingwa, wachezaji, miaka. Tuchel alikaa na vijana karibu miaka tisa. Mtoto wa miaka 11 anajua kama unamfundisha yeye au unapita tu. Ukiwa unapita, anasimama foleni, na kokoto zinabaki mfuko wa kulia.

Baada ya chakula cha mchana Jumapili ile tulivuka barabara kwenda kwa timu moja ya mchangani ya wakubwa inayojiandaa na ndondo, mashindano ya mitaani. Wachache wetu tulipewa dakika 15 kila mmoja na watu wazima. Nilipofika zamu yangu nikaenda na kile kile kilichowafurahisha watoto, wanne kwa wanne. Dakika ya pili nahodha akasimama, mkono kiunoni. "Kocha, shikamoo. Jumapili ijayo tuna mechi. Sisi tunafungwa kona. Hilo tutalifanya lini?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu akaingia, akawapanga kwa ajili ya kona, nani amshike nani, nani asimame mlingoti wa karibu, dakika tano, wakanyamaza wote. Kisha akatuita pembeni. Kwa mtoto unaanza na anachohitaji kujifunza mwaka huu. Mtu mzima ana mechi keshokutwa, ana nauli aliyotoa mfukoni, na ana mwenyekiti anayeuliza matokeo. Halafu kuna wale saba wa benchi. Akatuambia kama humchezeshi mtu mzima, mwambie mwenyewe uso kwa uso kabla orodha haijasomwa, kwa sababu akilisikia jina lake halimo mbele ya wenzake, umempoteza yeye na rafiki zake watatu. Na mwenyekiti akikuletea mpwa wake acheze, jibu lako uwe umeliandaa tangu siku unakubali timu.

Dakika 15 hazitoshi kabisa kwa jambo hili. Hii ndiyo kasoro yangu ya kwanza. Tangazo lilisema "hadi timu ya wakubwa", na wakubwa tumewaona mchana mmoja kati ya siku kumi. Waongeze angalau wikiendi moja, tukae na timu ile wiki mbili, tuone wanavyocheza mechi baada ya sisi kuwafundisha.

Kasoro ya pili ndiyo niliyosema mwanzo. Tangazo lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp lilikuwa na picha ya ile ngazi ya leseni, na chini yake maneno "cheti kinachotambulika". Wengi tulielewa kwamba tukitoka hapa tumeshakanyaga D. Siku ya mwisho ndipo tulipoambiwa hiki ni cheti cha kuhudhuria. Leseni D ni ya CAF na inapatikana kupitia kozi za TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, na cheti hiki hakikupunguzii hata siku moja ya kozi hiyo. Tulipouliza ofisini kwao tukaambiwa tungesoma tangazo vizuri. Nimelisoma tena mara tatu, na nasema lilivyoandikwa linapotosha. Yule kijana wa Kigamboni alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za darasa kimya. Tukamchangia nauli. Waandaaji wanaweza kulimaliza hili kwa sentensi moja tu kwenye tangazo, na nimewaandikia kuwaomba hivyo. Hawajajibu.

Mengine kwa haraka. Vitini vya kusoma ni kurasa 40 za Kiingereza mtupu, na mkufunzi kijana alikuwa anavisoma kama vilivyo, wakati wenzetu wengi wanaelewa mpira kuliko lugha hiyo. Hakuna somo la huduma ya kwanza. Mtoto mmoja aligongana kichwa na mwenzake Jumamosi ya tatu, na watu wazima 22 tukabaki tunatafuta maji ya kumwagia. Alikuwa salama, mama yake alifika akamchukua, ila mimi sikulala vizuri siku ile. Mtu anayekaa na watoto wa watu lazima ajue la kufanya. Mimi nimeshamwomba muuguzi mmoja wa zahanati ya mtaani kwetu aje Mtoni Jumatano ijayo atufundishe, mimi na wazazi watakaoweza.

Nani aende? Kama unafundisha watoto na hujawahi kufundishwa kufundisha, nenda. Mwalimu wa michezo shule ya msingi, nenda, hata kama mwajiri hakulipii. Dada unayetaka kuanzisha timu ya wasichana, nenda, na wale watatu wa kundi letu watakupokea kwenye kundi letu la WhatsApp. Kama shida yako ni leseni tu ili uombe kazi kwenye klabu, tunza hela yako, fuatilia matangazo ya kozi za TFF au ulizia chama cha mpira cha wilaya yako lini D itafanyika. Mimi nimeshaulizia, naisubiri.

Kabla ya kulipa, uliza kama Mwalimu ndiye atakayefundisha, na siku ngapi. Wakikujibu "wakufunzi wetu wote ni wazuri", uliza tena. Uliza cheti ni cha nini. Omba risiti kila awamu.

Beba maji yako, kofia, na viatu vya mchangani, si njumu za meno marefu, uwanja ni mgumu pembeni na mchanga katikati. Na fika kabla ya saa 2, kwa sababu mwembe ni mmoja tu na kivuli chake kinatosha watu kama kumi.